Faneli Mbili, Mdomo kwa Mdomo

Mwezi uliopita vijana wa gereji mlinifanyia sherehe ya kustaafu. Mkanipa saa ya ukutani, mimi ambaye sina pahali pa kuchelewa tena, na blanketi, kana kwamba nimekuwa mgonjwa. Mmoja wenu akasimama akasema, "Shosh, nyanya yetu, ndiye mama wa ekzosi za pikipiki hapa Nakuru," mkapiga makofi, mkarudi kwa kuku. Hakuna hata mmoja aliyeuliza huyo mama alizaaje. Kwa hivyo naandika. Mwandiko wangu ni wa darasa la pili, shule ya shamba, na atakayeshindwa kuusoma avae miwani.

Mambo ya vyeo sitaandika. Nilianza na nyundo na nimemaliza na nyundo, ya mwisho ikiwa nzito kidogo.

Nilianza miaka ya hamsini, na nilianzia kwa madebe, sio kwa pikipiki. Nyuma ya maduka ya Wahindi kulikuwa na fundi wa bati, Kalasinga mmoja mzee jina lake Harbans, mwenye kilemba cha bluu na kikohozi kilichomtangulia kila mahali. Alitengeneza faneli za maziwa, vifuniko vya madebe na mifereji ya mabati kwa mashamba ya wazungu kutoka Njoro mpaka Naivasha. Mume wangu alikuwa mchochea makaa kwenye treni, na mimi nikaandikwa kwa Harbans kusugua madebe ya maziwa kwa mchanga na jivu. Siku ya kwanza nilisugua debe moja mpaka likatoboka. Harbans aliliinua akachungulia jua kupitia tundu.

"Mama," akasema, "wewe iko na mkono. Sasa tafuta akili ya kuweka pamoja."

Baada ya wiki chache mkono wake wa kulia ulivimba kwa baridi ya Julai, akanipa mkasi wa bati. Yeye anatazama, mimi nakata. Wateja walikuja wakashangaa. "Fundi, umeoa?" walimuuliza. Akajibu, "Hapana. Bibi iko na huruma."

Sasa sikieni, ninyi mnaonunua kila kitu kikiwa tayari. Faneli ukiifungua ni kipande cha duara, kama chapati iliyokatwa. Unafunga chaki kwa uzi, unashika ncha ya uzi kwa kidole gumba, unazungusha. Uzi mfupi kwa shingo, uzi mrefu kwa mdomo. Halafu unakunja bati juu ya chuma cha mviringo, unashikanisha kingo, unaunga kwa risasi ya bati, ile mnaita solda. Na Harbans alikuwa na sheria moja ambayo hakuiacha hata akiwa na homa: usikate moja. Ukikata moja, pembe ya bati inabaki bila kazi. Ukikata mbili zikilaliana, bati linaisha vizuri.

"Na ya pili ni ya nani, kama mteja ametaka moja?" nilimuuliza.

"Ya kwanza ya mteja. Ya pili ya shetani. Shetani kila siku nakuja."

Nilikuwa na miaka miwili kwa kazi hiyo mume wangu alipofariki kwa kifua. Aliniachia wasichana wawili, kitanda kimoja, na chumba katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, safu ile ya mwisho iliyoangalia choo. Nyapara wa landhi alikuwa Mzee Obiero, mtu wa suruali fupi iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Alikuja matanga, akala vizuri, akanawa mikono, akasema:

"Mama Nafula, pole sana. Chumba kinatakiwa mwisho wa mwezi."

"Mwezi gani, mzee?"

"Huu. Mwingine sijapewa bado."

Huo ulikuwa wakati wa karatasi. Mtu mweusi mjini bila karatasi ya kazi hakuwa mtu, alikuwa mzigo unaongoja treni. Nikamwambia mimi nina kazi. Akasema kusugua madebe sio kazi ya barua. Wasuguaji amewatoa watatu wiki hiyo hiyo. Safu ya mwisho inaweza kukaliwa na mtu asiye wa reli, bora awe fundi, na barua iwe na mkono wa mzungu. Mkono wa Mhindi, akasema, ni mzuri kwa unga na sukari.

Na wakati huo huo shemeji yangu alikuwa ametuma habari kutoka nyumbani Bungoma. Angekuja na treni kuchukua mimi, wasichana na kitanda. Kwetu mjane alirithiwa kama jembe. Shemeji alikuwa na wake wawili na hakuwa na kazi hata moja, na alifikiri mimi nitakuwa wa tatu na pia nitakuwa ile kazi.

Kwa hivyo nilikuwa na mwezi huo tu wa kutafuta mzungu mwenye kalamu. Mungu akaniletea mmoja, na sijui alikuwa amekasirikia nini.

Huyo mzungu alikuwa na shamba Ndabibi, na watu wake walimwita Bwana Kelele. Alilijua hilo jina na alilipenda. Alidhani ni sifa. Alikuwa na pikipiki ndogo, ile ya injini inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili, na kila mwaka wazungu walishindana kwa pikipiki kama hizo pale uwanja wa maonyesho, juu ya nyasi, wakizunguka zizi la ng'ombe wa mashindano. Miaka miwili mfululizo alikuwa ameshindwa na jirani yake, mzee mmoja mkulima wa pareto, mpole, ambaye alikimbia bila hata kulegeza tai.

Bwana Kelele aliamini kwamba nguvu ya injini ni sauti. Akakata ekzosi, lile bomba la moshi, ikabaki fupi kama kidole. Pikipiki ikalia mpaka ng'ombe wake wakakataa kukamuliwa, na ikawa inakwenda polepole kuliko mwanzo. Akasema tatizo ni upana. Harbans akamtengenezea bomba pana kama mfereji wa nyumba. Ikawa polepole zaidi. Nilimuuliza Harbans kwa nini hasemi kitu.

"Mteja nataka mfereji kwa pikipiki," akasema, "mimi natengeneza mfereji kwa pikipiki. Mvua ikinyesha atafurahi."

Halafu siku moja akaja na mchoro aliotumiwa na binamu yake kutoka Ulaya, ambako mafundi wa mbio walikuwa wamegundua jambo. Bomba jembamba linatoka kwa injini, linapanuka taratibu, linafika tumbo, linarudi kuwa jembamba, na mwisho kuna kamkia kadogo. Harbans aliutazama, akacheka mpaka akakohoa, akaniita.

"Mama, hii kazi yako. Iko faneli mbili, mdomo kwa mdomo."

Nikasema nitatengeneza, lakini Bwana aniandikie barua kwamba mimi ni fundi. Bwana Kelele alinitazama kama mtu aliyesalimiwa na debe.

"Mimi nashinda mbio, mimi naandika," akasema. "Mimi hapana shinda, mimi naambia wazungu yote hapana leta kazi hapa tena."

Mbio zilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Nyapara alifunga kijiofisi chake Jumamosi hiyo hiyo, saa kumi jioni.

Basi nikatengeneza, na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo hakuna fundi wa pikipiki angelifanya, ila fundi wa maziwa tu. Nilikunja zile faneli vizuri, kingo zikalala kama shuka, halafu nikaziunga kwa risasi ya bati, kama nilivyounga faneli zangu zote. Maziwa hayajawahi kulalamika. Harbans alikuwa kwa daktari wa kifua siku hiyo, na Bwana hakuwa mtu wa kungoja. Akafunga, akapiga teke, akaelekea kupanda barabara ya Menengai.

Nilisimama mlangoni. Ile pikipiki ilikohoa kidogo kama Harbans, halafu ghafla ikashtuka, ikapanda mlima kwa gea ya tatu, pahali ilipokuwa inalia na gea ya kwanza. Dakika chache hivi. Halafu nikaona kitu kinang'aa kikidondoka barabarani. Moto wa ekzosi ulikuwa umeyeyusha risasi yangu, na faneli ya pili imelala kwa vumbi. Pikipiki ikaanza kunguruma kama simba mwenye jino bovu, na mwendo ukaisha. Akarudi amekunjua uso kwa furaha.

"Wewe nasikia?" akapiga kelele. "Sasa iko nguvu! Ile faneli ya pili ilikuwa nafunga mlango!"

"Nimesikia, Bwana," nikasema. "Na nimeona pia."

Hakutaka kujua nimeona nini. Akasema atakimbia na faneli moja. Mimi nikaona barua yangu inateremka Menengai na treni ya shemeji inapanda kutoka Bungoma.

Harbans aliporudi nilimwambia yote. Hakunigombeza kwa risasi. Alikaa juu ya debe, akauliza swali moja tu: kwa nini bomba lililozibwa lina nguvu kuliko lililo wazi? Hakujua. Alikuwa fundi miaka arobaini na alisema hakujua, bila aibu, na hilo ndilo jambo kubwa alilonifundisha kuliko hata kukata bati.

Mimi nikajua, na sikujua kwa kusoma. Baba yangu alikuwa mtu wa josho huko huko Ndabibi, shamba lililopakana na la Bwana Kelele. Josho ni mtaro mrefu wenye maji ya dawa ya kupe. Ng'ombe anaruka upande mmoja, anaogelea, anatoka upande mwingine. Ng'ombe akiruka, wimbi linatoka kwake, linaenda mpaka ukuta wa mwisho, linagonga, linarudi. Ukiruhusu ng'ombe wa pili aruke wimbi linaporudi, maji yake yanasukumwa ndani na dawa inabaki. Ukikosea, dawa inamwagika kwa nyasi, na baba anatukanwa mpaka jioni. Baba hakuwa na saa. Alihesabu kwa mguu, akigonga chini.

Siku iliyofuata Bwana alipokuja kuchukua faneli za maziwa, nikamsimamisha.

"Bwana, josho yako iko na ukuta mwisho?"

"Bila shaka iko na ukuta! Kama hapana ukuta, dawa yote namwagika!"

"Injini yako pia iko hivyo." Nikamchorea kwa chaki chini, pale sakafuni. "Ndani ya silinda kuna madirisha mawili. Moja la kutoa moshi, moja la kuingiza petroli mpya, na yanakuwa wazi pamoja. Kwa hivyo petroli mpya inaufuata moshi nje, kama mgeni anayetoka na mwenye nyumba. Faneli ya kwanza, hii inayopanuka, inavuta moshi utoke wote. Vizuri. Lakini na petroli kidogo inavutwa. Faneli ya pili ndio ukuta wako. Pumzi inagonga pale, inarudi, inaisukuma ile petroli ndani kabla dirisha halijafungwa. Sasa wewe umebomoa ukuta. Petroli ndio dawa yako. Unamwaga kwa nyasi."

Sauti yake ilishuka. Ilikuwa mara ya kwanza, na Harbans aliacha kugonga ili aisikilize vizuri.

"Namwaga?" akauliza kwa sauti ndogo. "Ngapi mara?"

"Kila pistoni ikishuka."

"Kila mara?"

"Kila mara, Bwana."

Uso wake ukawa mweupe kama plagi ya injini iliyokosa petroli. Mtu huyu hakuogopa nyoka wala simba, lakini dawa yake ya josho kumwagika kulimtoa machozi.

"Rudisha ukuta!" akasema. "Rudisha leo!"

Tukarudisha. Safari hii tulitumia bati jeusi, zito, na Harbans akanifundisha kuunga kwa moto wa gesi. Niliunguza nyusi zote mbili. Moja ilirudi baadaye. Na kwa sheria ya Harbans nilikata seti mbili, ya mteja na ya shetani.

Wazungu wengi walifikiri siri ni umbo. Umbo ni nusu. Nusu nyingine ni urefu, kwa sababu josho refu linarudisha wimbi limechelewa na josho fupi linarudisha mapema. Bomba refu, injini inapata nguvu ikiwa bado inazunguka polepole. Bomba fupi, haipati kitu mpaka ilie kabisa. Tulianza na refu. Pikipiki ikavuta kutoka chini kama ng'ombe wa jembe, lakini kwenye barabara nyoofu ikachoka. Bwana akasema kata. Nikakata shingo vidole viwili, tukaunga, akajaribu. Kata tena. Vidole vinne, ikawa inalala kabisa chini, halafu huko juu inapiga mayowe na kuruka. Hapo akafurahi. Nilimwambia uwanja wa maonyesho ni kona tupu, anahitaji ile ndefu. Akasema ndefu haina sauti. Nikamwachia, mteja anataka mfereji.

Na kamkia ka mwisho msikachezee. Kakiwa kapana, pumzi haigongi, inapita tu. Kakiwa kembamba sana, joto linakosa njia na pistoni inatoboka kama debe langu la kwanza. Toeni plagi muiangalie: rangi ya chai ya maziwa ni nzuri, nyeupe ni matanga.

Jumamosi ikafika. Sisi watu weusi tulisimama nyuma ya kamba, upande wa ng'ombe. Nilikuwa na kikapu, na ndani yake ile seti ya shetani, ndefu, haijaguswa, na spana mbili. Mbio ya kwanza ya kuchuja watu ilipigwa saa saba, na Bwana Kelele akaishinda, ingawa kila kona alibaki nyuma na kila mahali panyoofu akawapita kwa mayowe. Akapewa kile chombo cha kusemea. Akawaambia wazungu wote kwamba ekzosi hiyo aliibuni mwenyewe, akitazama josho lake mwenyewe, na akaigonga kwa mikono yake mwenyewe. Harbans aligeuka akatazama mikono yangu. Ilikuwa na malengelenge hata ya kugawia jirani.

Nilimfuata pale kambani.

"Bwana, ile barua."

"Barua gani? Ngoja, ngoja. Mbio kubwa bado." Akaangalia nyuma kama mwizi. "Na hawa watu nafikiri mimi natengeneza."

Akapanda pikipiki kwenda kusalimia mabibi wa kizungu, mkono mmoja kwa usukani, mwingine ukipunga kofia. Nguzo ya zizi la ng'ombe haikupisha. Yeye hakuumia. Ekzosi ilipasuka tumboni, na faneli ya pili ikakunjika kama kofia ya mlevi.

Alikuja akikimbia, pikipiki inasukumwa na watu wawili.

"Mama! Haraka! Tengeneza!"

"Bwana mwenyewe ndiye ulitengeneza," nikamwambia. "Sisi tumekuja kutazama ng'ombe."

"Ng'ombe mzuri sana mwaka huu," akasema Harbans.

Bwana Kelele alitazama wenzake, akatazama saa, akatazama kikapu changu, ambacho nilikuwa nimekifungua kidogo tu. Huko mbele yule jirani wa pareto alikuwa ananyoosha tai yake. Bwana Kelele akatoa penseli, akaandika nyuma ya karatasi ya ratiba kwamba mimi ni fundi wa ekzosi na nimetengeneza hii. Nikaisoma herufi kwa herufi, na injini za wenzake zikiwaka moja moja. Darasa la pili halina haraka.

"Bado maneno matatu," nikasema. "Andika: Mimi sikutengeneza mwenyewe."

"Hiyo hapana lazima!"

"Umesema kwa kipaza sauti, Bwana. Nyapara wangu ana masikio."

Akaandika. Akatia jina lake na jina la shamba. Nikalala chini ya pikipiki, nikafungua, nikafunga ile ya shetani, nikakaza. Dakika chache. Nikafuta mikono kwa nyasi, nikachukua kikapu, nikaondoka, maana saa tisa ilikuwa imepita na landhi ilikuwa upande wa pili wa mji.

Sikugeuka nyuma. Nilisikia tu. Haikupiga mayowe; ilivuta, kona baada ya kona, kama ng'ombe wa jembe. Harbans aliniambia Jumatatu kwamba Bwana alishinda kwa mbali sana, akawaambia wazungu kwamba alibadilisha bomba kwa makusudi.

Nilimkuta Mzee Obiero ameshika kufuli. Nikampa karatasi. Aliisoma mara ya kwanza amesimama, mara ya pili ameketi.

"Ekzosi ni nini?" akauliza.

"Ni josho la moshi."

Hakusikia. Kidole chake kilikuwa kwenye mstari wa mwisho. "Mzungu mwenyewe ameandika hakutengeneza?"

"Mwenyewe."

"Kwa mkono wake?"

"Na penseli yake."

Mzee Obiero alivua kofia. "Mama Nafula, nimesoma karatasi za wazungu miaka ishirini. Wamejenga reli, wamejenga mji, wamevumbua hata mlima. Sijaona karatasi moja inayosema mzungu hakufanya kitu." Akafungua daftari lake, akaandika jina langu safu ya mwisho, akaomba karatasi abaki nayo awaonyeshe wenzake. Nikakataa. Iko kwangu mpaka leo, ndani ya kopo la chai.

Shemeji alikuja Jumatatu na treni ya asubuhi, amevaa koti la harusi. Nilimpikia ugali na kuku, nikamwonyesha barua, nikamwonyesha chumba, nikamwonyesha nyundo. Alirudi na treni ya jioni, bila kitanda, na faneli mbili mpya za maziwa mkononi. Nilimwambia moja ni yake, na ya pili ni ya ndugu anayemfuata kwa kunirithi, asijisumbue kuja.